Maji Aliyoyakataa Mariamou

Kila alfajiri, kabla mtaa wa Magoudjou haujaamka, Mariamou alifunua tangi la maji uani, akainama, akateremsha ndoo polepole ili isitibue matope ya chini. Tangi lile la mawe lilijengwa na baba yake, na mwaka huo, kama nyumba nzima, lilikuwa likingoja mvua. Moroni, kisiwani Ngazidja, hakuna mto. Maji ya bomba, siku yanapokuja, yana ladha ya bahari; ni ya kufulia na kuoshea vyombo. Ya kunywa ni ya mvua, na mwisho wa kiangazi mvua ni jambo la kusimuliana tu.

Aliyagawa kwa mpangilio usiobadilika. Kwanza ya udhu. Kisha ya chai. Kisha chupa ya binti yake Chamsia, ya kwenda nayo shuleni anakofundisha. Kisha bakuli la kuku. Mwisho kabisa alijimiminia yeye mwenyewe katika kikombe kidogo cha bati chenye mpini uliolegea, akanywa nusu, na nusu iliyobaki akaifunikia kisahani hadi jioni. Akiulizwa, jibu lake lilikuwa lilelile.

"Sina kiu."

Asubuhi hiyo Chamsia alikuwa mlangoni akijifunga shiromani, shuka lake la kujitanda, aliposikia ndoo ikigonga ukuta wa tangi mara moja, kisha ikitumbukia na kamba yake yote. Alitoka mbio. Mama yake alikuwa ameketi juu ya mawe, uso umekuwa na rangi ya majivu, mkono mmoja ameukandamiza kiunoni kana kwamba anazuia kitu kisidondoke. Alikuwa ametapika kidogo, manjano matupu. Alimwambia bintiye aopoe ndoo kwanza, kabla haijazama hadi kwenye matope.

Chamsia hakuopoa ndoo. Alikuwa hajawahi kumkatalia mama yake neno, na hata hilo hakulifanya kwa ujasiri. Alilifanya akimnyanyua kwapani na kumwomba radhi njia nzima hadi barabarani, walikopata nafasi mbili katika taksi iliyokuwa na abiria wengine.

Daktari aliyewapokea hospitalini aliitwa Toihir, kijana mwenye macho ya mtu anayedaiwa usingizi. Aliuliza mkojo wa mama una rangi gani. Mariamou akatazama ukuta. Ikabidi Chamsia ajibu, masikio yakimwaka moto: kama chai iliyosahauliwa jikoni. Anakwenda haja ndogo mara ngapi? Alfajiri na usiku, basi. Na dawa? Hapo Mariamou mwenyewe alifungua fundo la leso yake, akatoa vidonge vya maumivu ya mgongo alivyoletewa na mpwa wake kutoka Marseille. Alikuwa akivimeza kila siku kama wenzake wanavyotafuna tambuu. Akaongeza, kwa sauti ya mtu anayetaja jema lake, kwamba kila Ijumaa hunywa pia mizizi michungu ya kusafishia ini.

Daktari alivipanga vile vidonge juu ya meza, akavitazama, akashusha pumzi. Kisha akaeleza taratibu, kama mtu aliyekwisha kuyaeleza mara nyingi na bado hajakata tamaa kabisa. Ini na figo, alisema, havisafishwi kwa mizizi. Vyenyewe ndivyo visafishaji. Kila kinachomezwa hupita kwenye ini, hata kikiitwa dawa, na vidonge vya kila siku pamoja na mizizi isiyojulikana kipimo vilikuwa vimelitumikisha bila kulipumzisha. Figo nazo hutoa taka za mwili, na taka hizo hazina kipando kingine ila maji. Asiyekunywa huziacha zimejirundika mlangoni. Anayebana mkojo kutwa nzima naye hujikaribishia maradhi.

Kwa hiyo, anywe maji. Si mtungi mzima kwa mkupuo. Kidogo kidogo, tangu asubuhi hadi jioni, mpaka mkojo uwe na rangi ya nyasi kavu. Aende haja mwili unapoomba, asiusubirishe. Vidonge aache, mizizi aache, na asimeze dawa yoyote bila kuuliza. Chumvi ipungue, hasa samaki wa kukaushwa. Wali wa samli uwe wa sikukuu. Jioni atembee kidogo. Kuhusu pombe hakuuliza. Alimtazama tu yule mama na shiromani yake, akatabasamu kichovu.

"Figo zimechoka, hazijafa," alimwambia Chamsia walipokuwa wakitoka. "Zikifa, humu visiwani hatuna mashine ya kuzifanyia kazi yake. Kuna mahali mna ndugu, penye maji matamu?"

Palikuwapo. Djaanfar, mtoto wa kwanza wa Mariamou, alikuwa akiishi Mutsamudu, kisiwa cha jirani, katika nyumba ya mkewe.

*

Uwanja wa ndege walikuta mamluki mmoja wa kikosi cha walinzi wa rais amesimama penye meza ya ukaguzi, mzungu mwekundu wa jua katika sare nyeusi, na askari wawili vijana nyuma yake. Mwaka huo wa themanini na saba watu walikwisha kuwazoea, kama mtu anavyozoea jiwe ndani ya kiatu. Mzungu yule alifungua kikapu cha Mariamou, akatoa chupa ya maji aliyofungiwa na Chamsia, akaifungua, akainusa, akairudisha bila kizibo. Maji yakamwagika juu ya nguo. Mariamou hakuinua macho. Alisimama wima, miguu imebanana, mikono mbele, na Chamsia akautambua ule msimamo. Alikuwa ameuona hapo kabla.

Ulikuwa msimamo wa langoni.

Miaka miwili nyuma, Djaanfar alikamatwa pamoja na vijana wengine waliosemekana kusoma karatasi za siasa. Aliwekwa kambini kiangazi chote. Wafungwa walilishwa na jamaa zao, kwa hiyo kila siku, nje ya lango la kambi, akina mama walipanga foleni juani na vyakula vyao katika sufuria zilizofungwa vitambaa. Askari alitoka wakati aliotaka yeye. Pengine saa tatu asubuhi, pengine baada ya adhuhuri. Aliita majina ya wafungwa mara moja tu. Mama ambaye mwanawe aliitwa yeye akiwa hayupo alirudi na chakula chake.

Pale langoni hapakuwa na choo. Nyumba za karibu zilifunga milango, si kwa roho mbaya bali kwa woga. Siku moja katika zile za mwanzo, Mariamou alibanwa, akavumilia mpaka akaona giza, akakimbilia nyuma ya mawe meusi ya volkano, upande wa pili wa barabara. Hakukawia hata kidogo. Aliporudi, jina la mwanawe lilikuwa limekwisha kuitwa. Askari alimtazama, akafunga lango. Alirudi Magoudjou na wali wake na samaki wake, vimepoa, na hakuna aliyethubutu kuvila.

Tangu siku hiyo aliacha kunywa. Wenzake walipompa maji foleni, alisema hana kiu. Alipofika nyumbani jioni, midomo imepasuka, alisema hana kiu. Mgongo ulipoanza kumuuma alimeza vidonge. Djaanfar akaachiwa, akakonda, akasafiri, akaoa. Lakini koo la mama lilibaki palepale langoni. Chamsia ndiye pekee aliyejua, na mama yake alikwisha kumfunga mdomo. Mtu aliyetoka mle, alimwambia, ana mzigo wa kumtosha. Usimtwike na wangu.

*

Oumi, mke wa Djaanfar, aliwapokea kwa vicheko vilivyosikika hadi mwisho wa kichochoro. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa mguu, mwenye kupenda mzaha, na nyumba yake ilikuwa katikati ya mji wa kale, mahali ambapo hata baiskeli haipiti. Kuta za mawe, ngazi nyembamba, chumba cha wageni juu, dirisha lenye chungu cha mrihani. Na maji! Yalishuka kutoka milimani mwaka mzima, yakasikika usiku na mchana kama mtu anayezungumza chumba cha pili. Chamsia alisimama bombani siku ya kwanza akayaacha yamtiririkie mikononi, kisha akaona haya, akafunga.

"Fungulia, wifi," alisema Oumi. "Sisi hapa tunakunywa. Nyinyi watu wa Ngazidja maji mnayaweka benki."

Oumi hakuwa na mchezo na maagizo ya daktari. Alichemsha maji, akayapoza, akayatia katika mtungi mdogo wa udongo alioununua kwa ajili hiyo, akauweka kando ya kitanda cha mkwewe na bilauri ya kioo, kwa sababu kikombe cha bati alikiona hakimfai mgeni wake. Alimpikia chungu cha peke yake: ndizi, samaki mbichi wa kutoka pwani ya Mirontsy aliyekamuliwa ndimu badala ya chumvi, papai lililoiva. Alionja, akakunja uso, akasema chakula hiki kingemfaa malaika, maana binadamu hakiwezi. Mariamou alikila chote, akashukuru kwa adabu.

Maji hakunywa.

Bilauri ilikuwa ikionekana tupu, kwa hiyo siku za kwanza hakuna aliyejua. Chamsia alianza kushuku alipoona mama yake bado haendi haja ila alfajiri na usiku. Akaanza kuitazama nyumba kwa macho ya mama yake. Choo kilikuwa chini, nyuma ya sebule. Katika sebule hiyo, tangu asubuhi, waliketi mama yake Oumi, shangazi zake wawili na majirani, wakidarizi kofia. Huwezi kupita mbele ya wakubwa bila kuwasalimu mmoja mmoja, mkono kwa mkono, kuulizwa umeamkaje, na watoto, na huko Moroni, na joto. Kwenda, salamu. Kurudi, salamu. Na ambaye angelazimika kupita na kopo lake la maji mkononi, kila saa, alikuwa mama wa mume, mgeni mkubwa, mwanamke wa Ngazidja aliyekuja kwa mara ya kwanza katika nyumba ya ukoo wa mkaza mwana.

Chamsia alijaribu kumbembeleza. Alimwambia angemsindikiza, angetangulia yeye kusalimu, angesema ni yeye mwenye kutaka kwenda. Mama alimpapasa shavu. Alikuwa amechoka, na uchovu wake ulikuwa mpole, ule usiogombana na mtu.

"Sina kiu, mwanangu. Ningekuwa nayo ningekunywa."

Jioni walitembea hadi ufukoni na kurudi, kama daktari alivyotaka, mama akisimama kila pembe ya kichochoro kushika kiuno. Vidonge alikuwa ameacha kweli, na maumivu yaliyokuwa yamefichwa na vidonge yakajitokeza. Chamsia alitamani kumwambia Oumi wafungue mlango wa nyuma, ule wa jikoni, ili mama apitie huko. Alilipanga neno lile kichwani mara nyingi. Kila alipofika mbele ya Oumi na wale wakubwa, lilimgandia mdomoni, akaishia kuuliza kama kuna vyombo vya kuosha.

Usiku mmoja baada ya chakula, wakiwa wote sebuleni, mama yake Oumi alimuuliza Djaanfar juu ya kule kifungoni, jambo ambalo watu waliligusa mara chache. Djaanfar alipenda kuyafanyia mzaha mambo yale. Ndivyo alivyoweza kuyabeba. Alieleza jinsi walivyotambua sufuria za mama zao kwa harufu kabla ya kufunguliwa. Ya kwake, alisema, haikukosa hata siku moja.

"Ila moja," aliongeza akicheka. "Siku hiyo nilisubiri mpaka jua likazama. Wenzangu wakanitania, wakasema mama yako kaalikwa harusini, pilau imemsahaulisha."

Watu wakacheka. Oumi akampiga mumewe begani, akamwita mlafi. Chamsia alimtazama mama yake. Mariamou alikuwa ameshika kipande cha papai, na mkono wake ulikuwa umesimama katikati ya safari, kati ya sahani na mdomo. Akakirudisha sahanini. Naye akacheka kidogo, ili asiwe peke yake asiyecheka.

*

Aliyeleta mambo nje alikuwa mrihani.

Oumi alipanda juu kubadilisha shuka akakuta majani yake yamegeuka manjano, yamelegea kama kitambaa kibichi. Akatia kidole udongoni. Ulikuwa tope tupu. Alikaa kitandani, kidole chake kina matope, akautazama mtungi, akaitazama bilauri, akaelewa. Au alidhani ameelewa.

Hakupiga kelele. Alishuka, akaenda jikoni, akakaa juu ya kibao cha mbuzi ya nazi, na Chamsia alimkuta hapo akilia bila kujifuta. Chamsia akachuchumaa mbele yake asijue afanye nini na mikono yake.

Oumi alisema anajua tangu mwanzo. Alijua Mariamou alitaka mwanawe aoe kwao, Moroni, harusi kubwa ya kutajwa na watu, siyo kuja kuzama kwenye kichochoro cha Mutsamudu. Aliletewa kanga moja tu siku ya ndoa, na hata salamu hazikuja nayo. Hayo aliyasamehe. Lakini mtu akikaa nyumbani kwako, ukampa maji kwa mkono wako, akayamwaga kwa siri, maana yake ni moja na kila mtu anaijua. Amekuogopa. Amedhani umemtilia kitu.

"Ananiona mchawi, wifi," alisema. "Maji niliyoyachemsha mwenyewe. Si bora angenitukana?"

Chamsia alifungua mdomo. Aliona wazi kila neno lililotakiwa: si wewe, ni lile lango, ni askari aliyeita jina mara moja. Lakini nyuma ya maneno hayo alimwona kaka yake, na kicheko chake kuhusu zile sufuria, na ahadi aliyompa mama. Akasema tu kwamba mama hana moyo huo. Sauti ilitoka ndogo mno. Oumi alitikisa kichwa kwa huruma, kama anavyohurumiwa mtoto anayemtetea mzazi.

Djaanfar aliporudi kazini aliambiwa. Alipanda kwa mama yake, na yaliyosemwa huko juu Chamsia aliyasikia kutoka kwenye ngazi. Yalikuwa karibu yote ya upande mmoja. Djaanfar alimuuliza kama ni kweli amemwaga maji. Mama akakubali. Akamuuliza kama Oumi amemkosea. Mama akasema hapana, ni mtoto mwema. Akamuuliza kwa nini basi. Jibu likawa lilelile la siku zote: hana kiu. Djaanfar akashuka, uso umefungwa. Alisema angetafuta meli ya kuwarudisha Moroni. Kama mama yake anaona afadhali afe na kiu kuliko kunywa katika nyumba hii, yeye hawezi kumlazimisha, wala hawezi kumwacha mkewe aaibike mbele ya ukoo wake.

Chamsia alipopanda, alimkuta mama anakunja nguo. Alikumbuka maneno ya daktari. Moroni tangi lilikuwa limebaki matope. Foleni ya maji ingekuwa ndefu. Vidonge vingeletwa tena kutoka Marseille. Alisema hayo yote, akilia. Mama aliendelea kukunja.

"Anikasirikie tu," alisema. "Hasira ni nyepesi. Ataibeba. Lile jingine halibebeki."

*

Asubuhi ya kuondoka, kikapu kikiwa kimefungwa, waliketi sebuleni wakimngoja Djaanfar aje kuwapeleka bandarini. Wale wakubwa walikuwapo na kofia zao, sindano zikienda polepole kuliko siku nyingine. Mariamou alikuwa amekaa ukingoni mwa mkeka, shiromani imemzunguka vizuri, midomo mikavu. Hakuwa amenywa chochote. Kulikuwa na safari. Oumi aliingia na sinia. Adabu ilimlazimisha, hata akiwa na macho yaliyovimba: mgeni haondoki bila kuletewa kitu. Lakini juu ya sinia palikuwa na vikombe vya kahawa peke yake. Maji hakuleta. Aliliweka sinia mbele ya mkwewe akageuka haraka.

Djaanfar alikuja, akasimama mlangoni bila kuvua viatu. Alisema meli ipo. Halafu, kwa kuwa alishindwa kujizuia, alisema angependa wakwe zake wajue kwamba hakulelewa hivi. Kwamba nyumbani kwao mtu haogopwi kwa maji.

"Mama hamwogopi Oumi," alisema Chamsia.

Sindano zikasimama. Hakuna mtu katika nyumba ile aliyewahi kumsikia Chamsia akisema bila kuulizwa. Hata yeye alishtuka. Alikuwa ameinamisha kichwa, akiyaambia magoti yake maneno yale.

"Chamsia, nyamaza," alisema mama kwa upole.

"Nimenyamaza miaka miwili, Mama. Daktari alisema figo zako hazijafa. Nikiendelea kunyamaza zitakufa, na mimi nitakuwa nimekaa kimya tu, nakuangalia." Alivuta pumzi. "Kaka, ile siku uliyongoja mpaka jua likazama. Mama hakuwa harusini."

Akaishiwa hapo. Machozi yalimjaa, yaliyobaki hakuweza kuyasema. Djaanfar alimtazama yeye, kisha akamtazama mama yao. Kitu kilikuwa kimeanza kumbadilika usoni, polepole, kama mtu anayesoma maandishi ya mbali.

Mariamou aliangalia lile sinia lisilo na maji. Halafu alimwangalia Oumi, aliyesimama penye mlango wa jikoni na mkono mdomoni, na pengine uchovu ndio ulioamua, kwa sababu hakuwa tena na nguvu za kuibeba aibu ya mtoto wa watu juu ya ile ya kwake.

"Nilikuwapo," alimwambia mwanawe. "Nilitoka kwenye foleni. Nilikwenda haja nyuma ya mawe, kwa kuwa nilikuwa nimekunywa maji asubuhi. Nikarudi wamekwisha kukuita. Lango likafungwa, na chakula chako mkononi mwangu. Baada ya hapo sikunywa tena, ili nisitoke. Ulipoachiwa nilidhani nitaweza. Nimeshindwa. Kila nikiinua bilauri nasikia jina lako linaitwa na mimi sipo."

Djaanfar aliteleza ubavuni mwa mlango mpaka akakaa chini, viatu miguuni, juu ya mkeka wa wakwe zake. Hakuna aliyemkemea. Mama yake Oumi aliweka kofia yake pembeni, akainuka kwa shida, akaenda kuondoa magunia yaliyouziba mlango wa jikoni unaotokea nyuma, kwenye choo, akaliacha jua liingie.

Oumi alikuwa amekwisha kukimbilia juu. Alirudi na mtungi, na chini ya kwapa alikuwa na kile kikombe cha bati, chenye mpini uliolegea, alichokichomoa kikapuni. Alipiga magoti. Alimimina, maji yakamwagika kidogo mkekani. Hakukisogeza kikombe. Alikishika tu, akingoja, kwa kuwa sasa alijua kwamba hapaswi kumlazimisha.

Mariamou alikitazama. Akanyoosha mkono.

"Nina kiu, Oumi," alisema. "Nina kiu tangu lile lango."